Barua Iliyosifu Jembe

Tangu nistaafu ualimu, watu wa Mapera wamenifanya ofisi. Anayeomba kazi, anayepeleka mtoto seminari, anayehamia parokia nyingine, wote wanakuja kwangu na karatasi mbili nyeupe: moja ya kuandikia na moja ya akiba, maana wanajua nikikosea nachana. Nalalamika sana. Lakini wiki ikipita bila mtu kubisha hodi, najisikia vibaya, basi tu siwaambii.

Mwaka juzi alikuja jirani yangu, mama wa watoto wawili, niliyemfundisha mwenyewe tangu darasa la tatu. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo kuna nini tena?"

Alitaka barua ya kumpendekeza. Shule moja ya wasichana kule chini ziwani ilikuwa inatafuta matroni wa bweni. Hospitali walikuwa wamemwambia mgongo wake hautaki tena jembe, na huku kwetu mtu akiacha jembe atakula nini? Kazi ya namna hiyo alishaomba mara mbili, na mara mbili wakamkataa.

"Nikikosa na hii, Mwalimu, siombi tena," akasema. "Narudi shambani, mgongo ukatike, yaishe."

"Hebu funga mdomo," nikamwambia. "Leta karatasi."

Nikaandika kwa moyo wote. Sasa, sisi Wamatengo tuna kipimo chetu. Ukitaka kumjua mwanamke, unatazama ngolo zake, mashimo ya shamba lake la mlimani. Nyasi zinakatwa, zinalazwa kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima unakuwa vyumba vyumba, halafu unachimba katikati ya kila chumba na kuzifunika nyasi kwa udongo. Mvua ikinyesha, maji yanatulia shimoni na udongo hauendi popote. Mvivu anaonekana kutoka mlima wa pili. Za jirani yangu zilikuwa zinalingana kama zimepimwa kwa kamba. Basi nikajaza ukurasa: ngolo zake hazina mfano, hazijawahi kubomoka, jembe lake halijui kuchoka. Nikasaini, nikamsomea kwa sauti, kichwa kikanivimba. Naye akatabasamu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba tunaomba kazi ya kuliacha hilo jembe.

Baada ya siku kadhaa simu ikaita. Alikuwa mkuu wa shule, mama mwenye lafudhi ya mbali, si mtu wa huku.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani, barua yako nimeisoma mara tatu. Mimi nina bweni la wasichana. Huyu mama hayo mashimo atachimba wapi?"

Jamani! Hasira zikanipanda. Kwanza nilimkasirikia yeye, halafu nilipotambua nilichofanya, nikajikasirikia mwenyewe. Ila mimi nikishapandwa, siangalii hasira ni ya nani. Nikasimama. Nikamwambia mtu anayepanga mlima mzima bila kamba hawezi kushindwa na vitanda. Nikamwambia mwaka mwenzetu mmoja alipojifungua msimu wa kulima, huyu alimaliza shamba lake akaingia la yule mzazi, akalilima lote bila kuitwa, na mgongo tayari unamuuma. Nikamwambia malaria iliponiangusha mimi, alilala kwenye mkeka kando ya kitanda changu siku nne, ananinywesha uji kwa kijiko, nami namfokea kwamba uji hauna sukari.

"Sasa Mwalimu, mbona hayo hukuandika?"

"Niandike ya nini? Kumuuguza jirani nayo ni sifa? Si kila mtu anafanya!"

Akaniaga kwa adabu, simu ikakatika. Nikakaa chini. Niliona wazi kwamba nimemharibia, kwanza kwa kalamu, kisha kwa mdomo. Siku ile jirani yangu alipopita njiani nilijifanya napepeta maharage nisimtazame usoni.

Juma lililofuata wakamwita kwenye usaili. Akateremka ziwani asubuhi. Kesho yake nikamsikia kabla sijamwona, anapiga vigelegele tangu kwa jirani wa chini. Safari hii hakupiga goti, alinikumbatia mpaka miwani ikadondoka.

"Nimepata, Mwalimu! Nimepata!"

"Niachie, utanivunja! Mkuu amesema nini?"

"Amesema barua yako mpaka leo hajaielewa." Akacheka mpaka akashika mbavu. "Ila ameniuliza kama yule bibi mkali wa kwenye simu ni mama yangu mzazi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ndiyo."

Mimi sikujaliwa mtoto. Nikafungua mdomo nimgombeze kwa kudanganya ofisini, nikaishia kulia kwa furaha mbele ya mwanafunzi wangu.