Maziwa ya Unga na Daftari Langu

Nilijifunza kusoma mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia sukari, na hadi leo nikikosea neno moja moyo hautulii. Mwaka ule kinu cha umeme wa nyuklia kilipolipuka kule Urusi ya Kisovieti, nilisikiliza habari redioni, nikaziandika daftarini, nikawasomea majirani kijijini kwetu, karibu na Mhunze. Nilieleza kwamba vumbi lake halionekani wala halinuki, na ng'ombe wakila majani yenye vumbi hilo, maziwa yao huharibika. Nilijivunia jinsi walivyonisikiliza.

Baadaye bwana afya alileta zahanati maziwa ya unga kutoka Ulaya. Ulikuwa ukame, ng'ombe wetu wamekauka, na mtoto wa dada yangu alikuwa amevimba miguu kwa utapiamlo. Nesi alishatuonya kuwa bila maziwa hatutakuwa naye.

"Serikali imeyapima, ni salama," bwana afya alisema. Nikatafsiri kwa Kisukuma. Akakoroga, akajaza vikombe, akawanyooshea akina mama. Hakuna aliyepokea; walikumbuka lile vumbi.

"Hujaonja," bibi mmoja akamwambia. "Kwetu hata pombe, mwenye nyumba hunywa kwanza."

"Bibi, mimi ni mtu wa Serikali."

"Ile iliyotuhamishia kijiji hiki ikasema maji tutayakuta hukohuko? Onja, baba!"

Watu wakacheka. Bwana afya akanuna, akapanda pikipiki yake akaenda zake. Vikombe vikabaki mezani.

Dada akanigeukia. "Wewe ndiye msomi wetu, mdogo wangu. Nimpe, nisimpe?"

Nikafungua daftari. Sikuwa nimeandika ni nchi zipi vumbi lilifika, na maandishi ya kwenye mfuko yalikuwa ya lugha nisiyoijua. Nakiri, nilitaka kuomba muda niandike barua wilayani. Kisha mtoto akakohoa, kikohozi kidogo kisicho na nguvu. Nikachukua kikombe, nikanywa chote.

"Kumbe unawaamini watu wa Serikali?" bibi akauliza.

"Hapana, bibi. Sijui. Niliwasomea kama ninayejua yote."

Dada akamnywesha mwanawe. Wengine wakasema watangoja waone kama nitaamka.

Asubuhi nilikwenda zahanati mapema ili wanione. Dada alikuwa ameshafika, mtoto akiivuta khanga ya mama yake, akilia apewe tena. Bibi akanikagua macho na ulimi, kama anayenunua ng'ombe mnadani, kisha akamsogezea mjukuu wake kikombe.