Nywele za Kwenye Ufa

Binti yangu anafanya usafi kwenye makumbusho moja huko nchi za baridi. Adhuhuri moja alinipigia simu, mimi nimekaa uani kwangu Rumonge, kando ya ziwa, nachambua visamaki vikavu vya ndagala, akaanza habari za mtu wa zamani wa kule kwenye barafu. Si mwili mzima, nywele zake tu, zimelala kwenye udongo ulioganda maelfu ya miaka. Wataalamu wakazipima, wakajua ukoo wa mwenyewe. Wazee wake walitoka Siberia, na wanaoishi kule leo si wajukuu zake. Watu wake waliisha, wakaja wengine.

"Kwa nywele tu?" nikauliza.

"Nywele tu, mama. Tafuta za bibi, tupime na zako."

Alijua anagusa wapi. Tangu nikiwa mdogo mtaa mzima unasema mimi ni mutoto wa kuokotwa, kwamba mama alitoka Kabonga wakati wa vita na mimi mgongoni, na mimba hakuna aliyeiona. Hakuzaa mwingine. Nilimuuliza mara moja tu. Akanitazama, akasema, "Njoo nikusuke," akanisuka kwa nguvu mpaka nikatokwa machozi. Sikuuliza tena, mjinga mimi.

Akafa na jibu lake. Kaburi lenyewe ziwa lililifunika lilipopanda, na maji yetu haya ya uvuguvugu hayatunzi kitu. Siku nyingine nikichota maji nahisi ananitazama toka chini. Naogopa, na sioni haya kusema.

Nywele, basi. Mama hakuacha hata moja ovyo, kwa kuogopa wachawi. Akishachana anaviringa zilizotoka, anazichomeka kwenye ufa wa ukuta chumbani, zinangoja siku ya kufukiwa. Nikawaachia paka ndagala zao, nikaingia ndani, nikachokoa ufa kwa pini. Likatoka donge la nywele nyeupe, kubwa kama yai la kuku.

Nikacheka peke yangu kwa furaha. Halafu nikakumbuka. Tangu afe, na mimi nachania palepale, naviringa, nachomeka mulemule. Na mimi nina mvi, zamani sana. Nikalifumua donge juu ya kitenge, karibu na dirisha. Zote nyeupe, zote ngumu, zote zimejikunja. Sikujua ipi yake, ipi yangu.

"Tuma zote," binti akasema nilipompigia. "Mashini itazitenganisha."

Itazitenganisha. Nikaona mafungu mawili mezani kwa watu nisiowajua, mimi huku, mama kule, na hawahusiani. Nikamwambia panya wamekula zote. Uongo mtupu, na mutoto wangu alijua, akaniuliza tu kama nimekula.

Maji iko kwenye ukuta wa jirani sasa, na nyumba yangu ndiyo inayofuata. Nililiviringa donge upya, nikalirudisha ufani. Jioni nikachana kichwa, na zilizotoka nikazichomeka juu yake.