Ubeti wa Mwisho Haukupanda Treni

Niliisikia sauti kabla sijajua inatoka spika gani.

"Mbio umeacha wapi, ewe mwana wa kuruka? Mbona safari ni fupi, hujapaa, umefika?"

Ufagio ukanidondoka.

Maneno yangu! Ila sauti ni ya Redio, kama tunavyomwita mtangazaji wa treni, mchumba wa dada yangu.

Nasafisha mabehewa. Treni zetu ni za mwendo kasi, za masafa marefu. Zikienda karakana zinapita kitongojini kwetu, basi zinabeba abiria. Kituo kimoja tu! Hata kiti hakijapata joto, mmefika.

Shirika la reli lilitaka shairi la kughaniwa humo njiani, na jina la mtunzi litajwe kila safari. Hela hakuna. Jina tu.

Mimi, ambaye ushairi sikufundishwa na mtu, jina ndilo nililolitaka. Nikatunga, jina langu nikaliweka kwenye ubeti wa mwisho, kama watunzi wafanyavyo.

Spika ikamalizia: "Mtunzi ni mimi, mtangazaji wenu."

Abiria wakapiga makofi.

Nikamvaa Redio pale pale mlangoni mwa behewa. "Mwizi wewe! Umelitoa wapi?"

"Shemeji, punguza moto."

"Sijawahi kukughania!"

"Kwani nimesema ulinighania?" Akacheka. "Kamuulize dada yako."

Nikateremka, nikashika njia ya nyumbani.

Mimi hutunga kichwani, siandiki. Aliyelisikia shairi lile ni mtu mmoja tu duniani.

Nilimkuta uani anakamua ovaroli langu la kazi.

"Dada, ni wewe?"

Hakuinua uso. "Ni mimi."

"Na ubeti wangu?"

"Niliukata. Treni inafika kabla haujaisha." Akakung'uta ovaroli. "Halafu kaka, nani angempigia makofi mfagiaji? Shemeji yako akipandishwa cheo kwa shairi hili, tunaoana."

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kinanifulia hizo nguo.

Ndugu msomaji, ukitunga kitu, kitoe hadharani kwanza. Ukimwamini mtu mmoja, siku akikugeuka huna shahidi.

Nikageuka niondoke. Akaniita, safari hii kwa sauti ndogo.

"Kaka, harusini si utatughania?"

Nikalichukua ovaroli langu, linadondoka maji.

"Nitakuja, dada. Nitaghani mbele ya wakwe zako wote, na nitaanzia ubeti wa mwisho."