Mguu wa Mti wa Baba

Nimesoma mpaka darasa la tatu, basi. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni; leo nina malori na nyumba ya matofali hapa Mwera, na hakuna aliyenibeba. Nilichorithi ni kimoja: baba yangu alikuwa askari. Alikata mkonge hapa miaka mingi, siku moja akalitupa panga, akarudi kwao Msumbiji kupigana na Mreno ili nchi yao iwe huru. Alirudi na mguu mmoja na gongo la mti limefungwa gotini.

Mwenyewe hakusimulia. Ukimwuliza anakutazama, kisha anaomba tumbaku. Basi nikasimulia mimi. Nilisema aliongoza kikosi, aliichoma ngome, mguu uling'olewa na mzinga. Nilisema harusini, nilisema barazani, nikaitwa mtoto wa kamanda. Jina hilo nililipenda kuliko malori.

Alipofariki nilijiandaa kuyasema hayo mara ya mwisho, kaburini, mbele ya wakubwa.

Sasa, sisi watu wa mashamba ya mkonge tuna watani. Msibani mtani huchimba kaburi, kisha humwiga marehemu mpaka wafiwa wacheke. Ukikasirika, mkosaji ni wewe. Mtani wa baba alikuwa mzee mmoja aliyekwenda naye vitani. Kabla katekista hajafika, mzee yule akalichukua gongo la baba, akajifunga gotini, akatwika sufuria kichwani, akaanza kuchechemea uani.

"Pigeni saluti! Kamanda wa masufuria anapita!"

Watu wakacheka.

"Bunduki aliijua? Aliijua kwa kuiona begani kwa wenziwe! Yeye ugali, maharage, ugali. Siku hiyo kamanda kachoka maharage, kaingia shamba la watu kuchuma kisamvu, kakanyaga bomu la Mreno. Puu! Mguu kwaheri, na kisamvu hatukula!"

Wanawake walijishika mbavu. Mke wangu naye alicheka, nikamwona. Wakubwa wakanigeukia.

Nikamwendea yule mzee. Nililing'oa gongo gotini kwake nikampiga nalo mdomoni. Mzee wa miaka themanini na kitu. Alikaa chini, akatema jino kiganjani, akaliangalia.

"Mwanangu," akasema, "nilimbeba mgongoni siku tatu, damu yake inanichuruzika miguuni. Nisimcheke mimi, amcheke nani?"

Sikumwomba radhi. Nilisoma hotuba yangu yote, ngome na kikosi. Watani waliweka majembe chini wakaondoka. Kaburi tulilifukia sisi wafiwa, jambo ambalo kwetu ni aibu.

Mwaka jana mke wangu alifariki. Watani walikuja wote, wamevaa vizuri, yule mzee mbele na pengo lake. Nilimngoja aseme lolote. Aseme alivyokoroma yule mwanamke, aseme alivyoninyima chakula nikichelewa. Angenitukana mimi ningeshukuru.

Mimi ndiye mdogo, nikampa shikamoo.

"Marahaba, mheshimiwa," akajibu. "Pole sana kwa msiba."

Mheshimiwa! Walikaa mkekani kimya kama wageni, hakuna aliyegusa jembe. Nikavua koti, nikashika jembe, nikamchimbia mke wangu kaburi mwenyewe, na umri huu. Wao walitazama kwa adabu mpaka nikamaliza.