Mtoto Aliyeshindwa Kunyonya

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Kisangani wakati majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yamegawana mji. Alizaliwa akilia vizuri, lakini kunyonya kulimshinda. Alishika titi, akavuta kidogo, akaliachia, kisha akakaza mgongo na kulia mpaka sauti ikamkauka. Muuguzi wa maternité, hospitali ya wazazi, alinifundisha kukamua maziwa na kumnywesha kwa kijiko. Mengi yalimwagikia shingoni.

Mimi na mume wangu tulitoka Butembo. Yeye aliuza sabuni na chumvi kwa jumla. Vita vilipoingia, majirani walianza kutuita watu wa mashariki, yaani wale walioleta askari. Nikienda kuomba kaa la moto, mlango haukufunguliwa. Kwa hiyo nilishangaa asubuhi moja kumwona uani kwetu mama mmoja wa wavuvi wa maporomoko ya mto. Tulijuana kwa sababu nilizoea kununua samaki wake.

“Nasikia mutoto anakatala titi,” alisema.

“Hakatai, mama. Anashindwa.”

“Bon, mulete nione.”

Alimlaza mapajani, akapasha viganja vyake juu ya makaa, akampaka mafuta ya kokwa za michikichi. Hakumkanda kwa nguvu. Vidole vilipita polepole nyuma ya masikio, kwenye taya, shingoni, mgongoni, na kila mtoto alipojikaza vidole vilisimama vikamngoja. Mwishowe alinawa, akamtia kidole kidogo mdomoni, akamwacha akifyonze.

“Taya yake inachokaka mbio,” aliniambia. “Usimusukume kwa titi. Ungoje afungue mwenyewe.”

Siku ile mtoto alinyonya akalala. Nililia, mama yule akajifanya haoni.

Akawa anakuja kila asubuhi. Ndugu zake walimwonya kwamba atapigwa kwa ajili yetu. Aliniambia hayo huku akimgeuza mtoto kifudifudi. “Wanasema mingi. Huyu iko na njaa.”

Lakini mtoto hakunenepa. Akinyonya leo, kesho alirudi kule kule, na miguu yake ilikuwa imebaki ngozi tupu. Nilimwuliza mama yule kama atapona.

“Sijui,” alisema. “Mikono yangu inatulizaka. Haiongezake nguvu.”

Kisha majeshi yale yakaanza kupigana yenyewe kwa yenyewe, katikati ya mji. Makombora yalipita juu ya paa letu. Tuliegemeza godoro kwenye dirisha, tukalala sakafuni. Hakuna aliyeweza kufika kwetu. Maji yalikwisha, na kwa kiu ile maziwa yangu yakapungua. Kuwasha moto hatukuthubutu, kwa hiyo nilipasha viganja vyangu kwapani na kufanya kama nilivyomwona akifanya: masikio, taya, shingo. Nilimtia kidole mdomoni. Alikifyonza kidogo, halafu akakiacha kikae tu.

“Amelala?” mume wangu aliuliza.

Alisogea, akaweka sikio kifuani kwa mtoto, akabaki hapo.

Tulimzika uani, maana njia ya makaburini haikupitika.

Bunduki ziliponyamaza, mama yule alikuja. Alikuwa amepita barabara zenye maiti. Alitazama mikono yangu mitupu, akatazama udongo mpya nje. Tulikuwa tumeshapata maji, na maziwa yangu yalikuwa yamerudi. Matiti yalijaa yakaniuma hata kuinua mkono sikuweza. Alinikalisha, akanikanda kwa kitambaa cha maji moto, maziwa yakatiririka kwenye kikwembe nilichojifunga.

“Yatakauka?” nilimwuliza.

“Itakauka.”

Mume wangu alitaka turudi Butembo, lakini njia ya Bafwasende ilikuwa imefungwa, tukabaki kati ya majirani wale wale. Mama yule aliendelea kuja kwa muda. Alinikanda, akakamua kitambaa, akaenda kutafuta samaki wa kuuza.