Free trial ya Kiingereza ilivyokula nauli ya mwisho ya mama yangu

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Nawaandikia kutoka Bunia, Ituri, kwa hiyo Kiswahili changu kikipinda mahali mkinyooshe wenyewe. Nitakayoyasema yamenitokea mimi, sikusimuliwa, na sijatia chumvi. Natamani ningekuwa nimetia.

Mimi ni fundi cherehani, nina chumba kidogo cha kushonea hapa mtaa wa Saio. Mji umejaa watu wa mashirika ya misaada, na akina mama wao wanapenda vitenge kweli kweli. Shida ni lugha. Mteja anaonyesha kiuno kwa vidole, mimi namjibu kwa vidole, mwisho gauni linatoka kama gunia na lawama ni zangu.

Siku moja likapita tangazo kwenye simu: jifunze Kiingereza, siku saba bure kabisa.

Bure. Nani anakataa bure?

App ikaniomba kadi. Ninayo ile kadi ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya akaunti ya pesa ya simu, niliifungua zamani ili niagize zipu na vifungo. Nikajiuliza, kama ni bure, kadi ya nini? Nikajijibu mwenyewe kwamba labda ndio utaratibu wa wazungu. Nikajaza namba zote bila kuruka hata moja.

Nikajifunza kusalimia na kusema jina langu ni Kahindo. App ikanipigia makofi. Baadaye umeme ukasumbua, kazi za sikukuu zikanibana, nikaona mchezo huu siuwezi. Nikaifuta app kwenye simu nikajua yamekwisha.

Wakuu, kufuta app sio kukata subscription. Hilo nimelijua kwa njia ambayo simwombei hata adui yangu.

Niwaeleze kitu kimoja kwanza. Kwetu hapa ukinunua simu, muuzaji ndiye anakufungulia email. Anaandika jina analotaka yeye, anaweka password yake, anakukabidhi simu tayari inafanya kazi, nawe unaondoka umefurahi. Mimi email yangu mwenyewe sikuwa naijua. Kama kulikuwa na onyo lolote la kwamba siku za bure zimeisha, lilienda huko, na huko mimi sijawahi kufika.

Haya, tuendelee.

Mama yetu alikuwa Niania, mji mdogo wa msituni mbali na Bunia, kwa mdogo wake, mama mdogo Kavira, anayepikia madereva wa malori kando ya barabara. Akashikwa na homa. Tulidhani ni malaria ya kawaida. Asubuhi moja mama mdogo akapiga simu, na kabla hajasema neno nikajua, kwa sababu nilisikia watu wanalia nyuma yake.

Baba tulimzika hapa Bunia. Mama alishatuambia wote, tena kwa kucheka, kwamba tukimzika mbali na mzee wake hatutapata usingizi. Kwa hiyo hakukuwa na kikao cha kujadili. Mama anarudi Bunia, analala pembeni ya baba. Ndicho kitu pekee alichowahi kutuomba.

Kwenye familia yetu likitokea jambo, michango yote inaingia kwenye simu ya mtu mmoja. Kaka yetu mkubwa, Paluku, alitangaza mbele ya watu wote: "Mutume kwa Kahindo. Ule hanakunywaka pombe."

Wakatuma. Butembo wakatuma, Beni wakatuma, hata shemeji ambaye huwa hapokei simu alituma. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka na akina mama, simu iko ndani inachaji. Sikuitazama. Nani anatazama simu wakati anamlilia mama yake?

Mama mdogo akapata gari, pickup ya mfanyabiashara iliyokuwa inarudi Bunia asubuhi ile ile. Niania hakuna chumba cha baridi cha kuweka maiti, na joto la kule halina huruma. Ni gari hilo au hakuna lingine. Dereva alitaka avansi, pesa ya kutanguliza, kabla ya kuwasha, na sikumlaumu, barabara ile ina vizuizi na kila kizuizi kina mdomo.

"Kahindo, tuma sasa," mama mdogo akaniambia. "Chauffeur iko nangoya. Siye tumesha kumufunga mama."

Nikachukua simu nitume. Ikakataa, salio halitoshi.

Nikarudia. Ikakataa tena. Ndipo nikaona, katikati ya jumbe za michango, ujumbe mmoja tofauti: dola themanini zimelipwa kwa kampuni fulani ya nje. Karibu nusu ya kila kitu tulichokusanya.

Nikamwita Paluku pembeni, ila pembeni ya msibani ni mbele ya watu wote.

"Franga iko wapi?" akaniuliza.

"Yaya," nikamwita kama tunavyomwita kaka mkubwa, "wamekata. Ni ile application ya Kiingereza."

"Application?" Sauti yake ikapanda. "Weye unaniambia simu njo ilikula franga ya matanga ya mama?"

Shangazi yangu akavuta kitenge akafunika mdomo. Wakuu, nilipojisikia nikirudia maelezo yale, mimi mwenyewe nilijiona mwongo.

Paluku akatoka kwenda kukopa kwa majirani. Kabla hajarudi, mama mdogo akapiga tena.

"Gari imeenda, Kahindo. Chauffeur amebeba mizigo ya bantu bengine. Mutuachie tuzike hapa. Mama hawezi kungoya tena."

Walimzika mchana ule, Niania, kati ya watu wasiomjua.

Na hapa Bunia vijana walikuwa wameshachimba kaburi pembeni ya baba. Kwetu shimo la kaburi halifukiwi tupu, watu wanaogopa litaita mwingine wa nyumba ile. Wazee wakakata mgomba, wakaushusha ndani, wakafukia. Nilisimama pale nikaona mgomba unazikwa mahali pa mama yangu. Machozi yaligoma kabisa.

Matanga yalipoisha nikaenda kwa wakala wa pesa za simu. Dada wa dirishani akaangalia kwenye mashine yake akatikisa kichwa.

"Hawa bantu balijaribia mara mingi, mama. Kila mara compte yako ilikuwa zéro. Siku franga iliingia, njo siku balibeba."

Yaani walikuwa wananivizia. Siku zote akaunti yangu ilipokuwa haina kitu walibisha hodi wakakuta patupu, wakaondoka, wakarudi. Siku pesa ya mama ilipoingia, walikuwa mlangoni.

Nikamtafuta yule muuzaji wa simu. Akacheka, akasema wateja wake wote anawapa password moja. Tukaifungua email. Binti wa jirani anayesoma chuo akaniandikia barua kwa ile kampuni, nikaeleza yote, hadi kaburi. Wakajibu kwamba nilikubali masharti, pesa hairudi, na wananitakia masomo mema.

Sasa nina Kiingereza cha mwaka mzima nilichokilipia kwa nauli ya mama yangu. Sijakifungua. Nikisikia mteja anaongea lugha ile, narudi kwenye vidole vyangu.

Juzi mtoto wa dada yetu amelazwa, michango ikapelekwa kwenye simu ya mke wa Paluku. Hakuna aliyenieleza chochote. Niliona tu wanatumiana pesa.

Funzo ni hili. Kitu cha bure kikikuomba kadi, tayari kimeshakutajia bei. Kata kwenye subscription yenyewe, usifute app ukalala. Ijue email yako na password yako, hata kama muuzaji atakuona msumbufu. Na pesa ya msiba isikae kwenye akaunti yenye kadi hata kwa saa moja. Mimi nimechelewa, nyie bado.

Kama kuna aliyewahi kurudishiwa pesa zake aseme alifanyaje, wengine watafaidika. Mimi pesa hiyo siitaki tena, hata wakiileta leo.

Ila kama humu kuna dereva au mfanyabiashara anayepita Niania, namwomba kitu. Waulize wapikaji wa barabarani, watakuonyesha alipolazwa mama aliyetoka Bunia. Nipigie picha ya kaburi lake. Nimemwomba mama mdogo mara nyingi. Anasoma, hajibu.