Kompyuta Iliyoamini Kalendari

Yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, aliandika uzito wa mtoto kwenye kompyuta, akabonyeza, akasoma jibu, kisha akanigeuzia kioo. Niliinama kusoma na mimi.  Mtoto wa kilo nane na nusu, aliyelala mapajani mwa mama yake pale mbele yetu, alikuwa ameandikiwa dawa ya sindano ya kumtosha mwanamume mnene: vichupa vitatu na zaidi. Alichostahili hakikufika hata nusu ya kichupa kimoja.

"Mudogo wangu," yaya alisema polepole ili yule mama asisikie, "hii njo ile ulisema umetengeneza?"

Ndiyo ile. Nilikuwa nimetoka na programu hiyo Kasongo kwa pikipiki, matope mpaka magotini, kiuno kimekufa, kwa sababu ya kosa hilo hilo. Yaya ni muuguzi mkuu wa kituo kimoja cha afya huko Kabambare. Kesho yake alikuwa aondoke kwenda mafunzoni, na wauguzi aliokuwa anawaachia kazi walikuwa wapya kabisa. Mara nyingi alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba hao wanaamini mashine kuliko wanavyomwamini yeye. Siku hiyo alipima dawa kwa karatasi yake ya ukutani, kama alivyozoea, akamdunga mtoto, na mama akatoka akishukuru.  Kesho yaya asingekuwepo, na anayekuja kukaa mahali pake angefuata kompyuta.

Niseme kazi yangu ni nini, maana hata jirani zangu wa Kasongo wanadhani natengeneza redio. Programu huandikwa kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma. Kompyuta haiwezi kuyatumia hivyo hivyo. Programu nyingine, iitwayo kompaila, lazima iyageuze kwanza yawe lugha ya mashine. Na mashine hazifanani: ya simu ni nyingine, ya kompyuta mpya nyingine, na ya yale makompyuta ya zamani tunayopewa huku ni nyingine kabisa. Programu yetu ya vituo vya afya inaandikwa na watu wa nchi nyingi ambao sijawahi kuonana nao, na vipande vyake ni vingi kupita kiasi. Kazi yangu ni kuhakikisha vyote vinageuzwa na kuunganishwa, kwa kila aina ya mashine, bila kuharibika. Wenzangu wa mbali wamekwisha kuzichoka mashine za zamani. Wanasema hakuna anayezitumia, kwa kuwa hawazioni kwenye mtandao. Zitaonekanaje, na huku programu inasafiri kwenye ufunguo wa USB, yaani flashi, mfukoni mwa dereva wa pikipiki? Nimegombana nao mpaka wakaniachia niwe najenga mwenyewe ya mashine hizo, hapo nyumbani, kwenye kompyuta yangu.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Shuleni kwetu nane na nusu tunaiandika kwa koma: 8,5. Kwenye kompyuta mpya koma ilieleweka vizuri. Kwenye za zamani ilimezwa, na nane na nusu ikawa themanini na tano. Nilikuwa nimeliona, nimelirekebisha, nimekijaribu kipande hicho peke yake kwa kila njia niliyoijua. Asubuhi ya safari, dereva akinipigia honi mlangoni, niliamuru programu ijengwe upya kwa ajili ya mashine za zamani, na kompyuta ikanijibu kwamba kila kitu kiko tayari. Nikachukua ufunguo nikaondoka.

Sasa niliitoa kompyuta yangu kwenye mfuko, nikaichomeka kwenye umeme wa jua wa kituo. Betri zake zote zilikwisha kufa zamani. Kila ikiwaka inakuwa imesahau hata leo ni siku gani, inauliza tarehe. Nikaipa tarehe, nikaamuru ijenge upya. Ikajibu papo hapo: kila kitu kiko tayari.

Papo hapo. Kazi hiyo haiwezi kuisha papo hapo.  Kifaa cha kujenga hakigeuzi vipande vyote kila mara, kingetumaliza kwa kusubiri. Kinafanya kama mpishi wa karamu anayepita kwenye masufuria: kilichoiva anakiacha, kilichoongezwa kitu anakirudisha motoni. Na namna yake ya kujua ni tarehe tu. Kipande kilichoandikwa baada ya kugeuzwa mara ya mwisho kinageuzwa tena, kingine kinaachwa. Nikafungua tarehe za vipande. Kile nilichokirekebisha kwa mikono yangu, wiki hiyo hiyo, kilikuwa na tarehe ya mwaka jana.

Nilisoma tena. Mwaka jana. Kwa macho ya kompyuta, marekebisho yangu yalikuwa ya zamani kuliko kosa lenyewe, kwa hiyo iliyaacha nje. Nilikuwa nimebeba kosa lile lile kwa pikipiki, nimelipandisha vilima vyote vile, nimelifikisha kwa yaya yangu nikijisifu.

Nilitoka nje mpaka mahali panaposhika mtandao, nikampigia mke wangu. Yeye ndiye anayewasha kompyuta asubuhi, jua likianza kupiga, mimi nikiwa bado naoga. Nilimuuliza, kwa sauti ambayo sikuipenda mwenyewe, ni tarehe gani anayoiandika.

"Ile iko ku kalendari," akasema. "Sawa siku zote, Papa."

"Kalendari gani?"

"Si ile ya Bikira Maria? Ile mupya walitupatia ku parokia haina hata picha. Nilirudisha ile ya zamani juu yake. Mwaka si wewe mwenyewe unaujua? Mimi naandika tu ile iko pale."

 Kwetu Kasongo kalendari yenye picha nzuri haitupwi. Hata nyumba za watu wasiojua kusoma zimejaa miaka iliyopita ukutani. Ile ya Bikira niliipigilia msumari mimi mwenyewe ilipokuwa mpya. Mke wangu alikuwa anaandika kwa uangalifu kila kilichochapishwa chini ya miguu ya Bikira, na mwaka ukiwemo. Hasira ilinipanda, kisha ikakosa pa kwenda. Nilimwambia tutaongea, nikarudi ndani.

Nilifuta kila kipande kilichogeuzwa zamani, kisiachwe hata kimoja cha kunidanganya, nikaanza upya kabisa. Yaya aliniletea bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, vikapoa pembeni yangu. Ilipokwisha, niliiweka kwenye kompyuta ya kituo, akaandika uzito wa yule mtoto. Jibu likawa lile la karatasi ya ukutani. Akaandika wa mwingine, na mwingine, akilinganisha kila mara.

"Sasa iko muzuri," akasema. "Na kule ulipitia jana, uliwaachia gani?"

 Lusangi. Nilikuwa nimepita Lusangi, nimeweka programu ile ile kwenye kompyuta ya kituo kwa mikono yangu, na nimemwamuru muuguzi wa pale aanze kuitumia asubuhi inayofuata. Asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa hii, na mchana ulikuwa umekwisha kusogea. Niliamuru, sikuomba. Nilimkuta amejaza matochi ya kichwa na simu za wachimbaji wa dhahabu kwenye umeme wa kituo, nikamfokea mbele ya watu, yeye mzee wa kunizaa, kwamba umeme ni wa kompyuta na wagonjwa. Aliniahidi atayachomoa yote. Na Lusangi simu haishiki.

Sikumbuki vizuri safari ile. Nakumbuka nilimwambia dereva akimbie, na pale alipokimbia sikuogopa kuanguka. Niliogopa kufika. Kila mwanamke tuliyempita njiani na mtoto mgongoni nilimtazama mtoto kama anapumua.

Benchi la kituo lilikuwa limejaa akina mama. Niliingia bila kupiga hodi. Mezani, matochi ya kichwa yalikuwa yamepangwa mpaka ukingoni, nyaya zimesukana, simu juu ya simu, na nyuma yake kompyuta, nyeusi. Niliigusa. Ilikuwa baridi.

Mzee alisimama haraka, kofia mkononi.

"Papa Injeniere, utanisamehe. Wachimbaji walikuya asubui na mapema, nikashindwa kuwakatalia. Mashini haijawaka tangu ulitoka. Leo nimetunza watu na karatasi tu."

 Nilijikuta nimekaa kwenye benchi, katikati ya akina mama na watoto wao. Mzee akaanza kuchomoa matochi, moja moja, kwa aibu. Nikamshika mkono, nikamwomba ayarudishe yote. Alidhani namfanyia mzaha.